MARATHONI YA MGENI RASMI: VIJANA JUANI, MAJI HEMANI!

Na Mwana wa Kolandoto

Ndugu msomaji, mimi si mwanasiasa. Mimi ni mkimbiaji. Alfajiri nakimbia barabara ya Kolandoto kwenda Shinyanga mjini kabla malori hayajaamka, mchana nahangaikia ugali kama wewe. Lakini yapo mambo ukiyanyamazia unakuwa mshirika wa dhambi.

Tulitangaziwa marathoni. Gari la matangazo lilipita Kolandoto siku tatu mfululizo, vipaza sauti vikipasua masikio: afya, uzalendo, zawadi nono! Kiingilio shilingi 30,000. Kwa kijana wa kijiweni hizo si hela za mchezo. Wapo waliouza kuku. Mwenzetu mmoja, mchimbaji mdogo wa Geita, aliacha shimo lake siku mbili, akalipa nauli ya basi, akaja. Mkumbuke huyo, nitamrudia.

Mbio zilikuwa zianze saa 12 asubuhi. Saa 12 tulikuwa mstarini, miili imeshapashwa moto. Saa 1, kimya. Saa 2, kimya. Kulikoni? Mgeni rasmi hajafika! Mamia ya watu wenye miguu wanamsubiri mtu mmoja ambaye hakimbii hata mita 100. Alitua saa 3 kasoro robo, akahutubia nusu saa nzima, akapuliza filimbi, akapigwa picha, akarudi hemani. Na humo hemani, jamani, katoni za maji zilikuwa zimepangwa kama matofali. Tuliziona kwa macho yetu. Sisi wajinga tukadhani ni zetu.

Anayelijua jua la Usukumani anielewe. Mbuga nyeusi kulia na kushoto, mti wa kivuli wa kutafuta kwa tochi, lami inachemka. Kanuni za riadha za dunia zinataka mbio zinazozidi kilomita 10 ziwe na kituo cha maji kila baada ya kilomita 5 hivi. Sisi tulikuta meza moja. Juu yake chupa tupu, na pembeni binti mmoja aliyeona aibu kwa niaba ya wakubwa. Mbele kidogo mama muuza viazi akatuonea huruma, akatoa dumu lake. "Kunywa polepole, mwanangu, tumbo litakukata." Huyo mama hakuwamo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Tangu 2009 maji ya Ziwa Victoria yanakuja Shinyanga kwa bomba kutoka Ihelele. Ziwa limefikishwa mjini, kamati ikashindwa kulifikisha barabarani kwa kikombe!

Kisha kijana mmoja akaanguka mbele yangu. Macho yamegeuka, maneno hayaeleweki, ngozi ya moto kama bati. Mkimbiaji akifika hapo huo si uchovu tena, ni ubongo unaopikwa, na kila dakika ni hesabu ya uhai. Ambulensi? Spika zilisema ipo. Kweli ilikuwepo, imeegeshwa nyuma ya hema, jirani na msafara wa mheshimiwa! Tulimpakia kwenye bodaboda, mmoja wetu akakaa nyuma kumshikilia, mshikaki, mpaka hospitali. Alipona. Ashukuriwe Mungu na dereva wa bodaboda. Kamati haimo.

Kuna watakaosema nakuza mambo. Mei 2021, mkoa wa Gansu huko China, wakimbiaji 21 walikufa katika mbio moja ya kilomita 100 baada ya baridi na upepo kuwakuta mlimani bila maandalizi ya maana. Hakuna aliyeruhusiwa kusema ni mapenzi ya Mungu yakaishia hapo. Viongozi waliadhibiwa, waandaaji wakakamatwa.

Wala ubabaishaji huu haukuanza kwetu. Marathoni ya Olimpiki ya 1904 mjini St. Louis, Marekani, iliendeshwa kwenye joto na vumbi la magari, maji yakipatikana sehemu mbili tu njia nzima. Walianza 32, wakamaliza 14. Fred Lorz alipanda gari, akaja kushangiliwa kama bingwa! Waafrika wawili wa kabila la Tswana walikuwamo, Taunyane na Mashiani, na inasimuliwa kwamba Taunyane alifukuzwa na mbwa mpaka nje ya njia, bado akashika nafasi ya 9. Ila hayo ni ya zaidi ya miaka 120 iliyopita. Kamati yetu inaishi mwaka gani?

Tuje kwenye umbali. Waliuza nusu marathoni, kilomita 21. Rekodi yangu halali ni saa 1 na dakika 14. Siku ile, kwenye jua lile, na nikiwa nimesimama kwa mama wa viazi na kwa mgonjwa, eti nilitumia saa 1 na dakika 6! Njia ya mbio hupimwa kwa baiskeli yenye kifaa maalumu gurudumuni. Hii nadhani ilipimwa kwa macho. Manchester, Uingereza, waligundua marathoni yao ya 2013 hadi 2015 ilipungua mita 380, wakatangaza hadharani 2016. Huku ukiuliza unaitwa mchochezi.

Septemba 2025 Alphonce Simbu, kijana wa Singida, alitwaa dhahabu ya dunia Tokyo kwa kumzidi Mjerumani Amanal Petros sekunde 0.03. Kila mwenye suti alijifanya mjomba wake. Sasa Simbu mwingine atatoka wapi, ikiwa muda wetu ulichukuliwa na jamaa mwenye simu iliyozima chaji katikati ya mbio? Atafanyia wapi mazoezi? Viwanja vya mikoa, Kambarage hapa Shinyanga, Kirumba kule Mwanza, vilijengwa kwa jasho la wananchi wote enzi za chama kimoja. Vyama vingi vikarudi 1992, viwanja vikabaki kwa chama kile kile. Ndiyo maana tunagombea barabara na malori.

Namba yangu kifuani ilikuwa 612. Zidisha kwa 30,000 upate shilingi 18,360,000, na nyuma yangu foleni ya kujiandikisha ilikuwa bado ndefu. Hapo sijagusa wafadhili ambao nembo zao zilijaa kwenye fulana. Zimekwenda wapi? Kamati itoe hesabu kwenye ubao wa matangazo, shilingi kwa shilingi, na anayetoa vibali aseme aliona ambulensi na maji wapi kabla ya kupiga muhuri.

Na yule mchimbaji wa Geita? Alishinda. Alikabidhiwa hundi ya kadibodi ndefu kuliko yeye, akapigwa picha na mheshimiwa, akaambiwa fedha zitafuata. Miezi mitano imepita. Nilipompigia alisema ameizibia dirisha.

Juzi gari la matangazo limepita tena Kolandoto. Kiingilio safari hii ni 35,000.