Vidole tumetoa, hakimu yuko wapi?

Sisi wa Mlandizi hatukatai ulinzi. Ni katika mkoa wetu huu wa Pwani askari 8 waliuawa kwa risasi, Kibiti, Aprili 2017, na viongozi wa vijiji wakafuatwa majumbani mwao huko Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Tunaijua hofu ya kusikia pikipiki usiku ukajiuliza inamfuata nani.

Ndiyo maana usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza Mei 2019, tulipanga foleni. Wakulima wa bonde la Ruvu, vidole vimelika kwa jembe mpaka mashine inavikataa, walirudi tena na tena. Siku ya mwisho ikasogezwa hadi Januari 20, 2020. Tukaambiwa matapeli sasa basi.

Mbona basi meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" bado zinaingia? Laini ya tapeli nayo ina kidole cha mtu, pengine cha bibi aliyebonyezeshwa kidole mara mbili na wakala wa mwavuli. Ukienda kulalamika ada ya mtoto imeibwa, unaambiwa subiri. Unasubiri hadi mtoto anarudishwa nyumbani.

Ila mkubwa akitaka kujua unaongea na nani, hakuna subira. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamruhusu mkuu wa kituo cha polisi kuagiza taarifa zitolewe, hakimu asione hata karatasi. Maxence Melo wa mtandao wa JamiiForums aligoma kuwataja watumiaji wake. Alikamatwa Desemba 2016, na Aprili 2020 akatiwa hatiani kwa kuzuia uchunguzi: faini milioni 3 au jela mwaka mmoja. Mwaka 2024 ikaandikwa Uingereza kwamba, kwa madai yaliyofikishwa kwenye baraza la kazi London, kampuni ya simu iliwapa watu wa serikali taarifa za mahali alipokuwa mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, wiki chache kabla hajapigwa risasi Dodoma, Septemba 7, 2017. Ni madai, tunajua. Lakini simu zilizomo mifukoni mwetu ni hizohizo.

Wapo wanaotuuliza: kama huna baya, unaogopa nini? Binti anayeuliza dawa ya ugonjwa asioweza kumtajia hata dada yake ana baya gani? Na mjane anayegombea kiwanja cha marehemu na mtu mwenye cheo?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Tulishukuru. Kumbe yanayofanywa kwa ajili ya usalama wa taifa yamewekewa msamaha humohumo. Na anayesema hili ni la usalama wa taifa ni yuleyule anayetaka kuchungulia.

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda mawasiliano yetu binafsi. Polisi wakija kupekua nyumba tunategemea hati, na mjumbe asimame ashuhudie. Tunataka simu nayo ipate hati, isainiwe na hakimu, iseme inatafutwa nini na kwa siku ngapi. Aliyechunguzwa akaonekana safi aambiwe, na taarifa zilizochukuliwa zifutwe. Na wezi wetu wa ada watafutwe kwa kasi hiyohiyo wanayotafutwa nayo wanaosema sana.