Baraka na Fizi: Uso wa pikipiki nyingine usifunge macho ya motari

Maegesho ya wamotari ni mahali ambapo pikipiki nyingi zimekusanya piyesi za ndugu tofauti. Tanki ni la TVS, kiti kimetoka kwa Boxer, taa za kukata kona ni za pikipiki ya Kichina ambayo jina lake limeshafutika. Na sasa mbele, juu ya taa, unafungwa uso wa plastiki uliotengenezewa pikipiki ya chapa nyingine kabisa, wenye kioo kidogo cha kukata upepo. Kijana anaupenda. Abiria naye anautazama mara mbili kabla ya kupanda.

Hakuna sababu ya kuwacheka. Piyesi ya orijine inakuja kutoka mbali. Nyingine zinavuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, nyingine zinapita Bujumbura, na tangu M23 ilipouteka muji wa Bukavu mwezi wa pili 2025, barabara ya huko si ya kutegemea tena. Anayeanguka kwenye matope ya Swima au Makobola na kuvunja uso wa pikipiki yake hawezi kungoja wiki tatu ili afungiwe ule wa orijine, huku mwenye pikipiki anadai malipo yake kila wiki. Atachukua uliopo. Fundi naye atatafuta namna ya kuufunga, na mafundi wa Baraka wana akili ya kutosha kwa kazi hiyo.

Shida iko kwenye namna ya kuufunga, siyo kwenye chapa.

Mapikipiki wanayotumia wamotari wa Fizi, kama Boxer na TVS za silinda moja, yanabeba taa yake kwenye fochi. Usukani ukigeuka, taa na uso wake vinageuka pamoja. Pikipiki za mbio hazifanyi hivyo: uso wao mkubwa umefungwa kwenye fremu, unabaki umetulia hata usukani ukienda kushoto ao kulia. Mtu akiutoa uso wa aina hiyo na kuuning'iniza kwenye fochi ya pikipiki yenye uzito wa karibu kilo 120, amemwongezea dereva mzigo kwenye mikono. Upepo wa ziwani ukipiga kwa ubavu, uso ule unauvuta usukani. Akiufunga kwenye fremu bila kupima, kona kali ya kwanza inagonganisha usukani na plastiki. Mbaya kuliko yote ni waya wa gesi: ukibanwa ao ukivutika wakati usukani unageuka, injini inaongeza mwendo yenyewe, tena katikati ya kona, mahali ambapo dereva alitaka kupunguza.

Hata wenye mapikipiki makubwa ya starehe huko Marekani walipita shule hiyo. Harley-Davidson ilitoa mwaka 1969, kwenye Electra Glide, uso mkubwa unaofungwa kwenye fochi. Baadaye ikatengeneza pia mapikipiki ambayo uso wake unashikwa na fremu. Wote wawili wanafanya kazi, kwa sababu kila mmoja ulipimiwa pikipiki yake. Katika miaka ya 1970, Craig Vetter aliuza uso uliojulikana kama Windjammer, ambao ulifungwa kwenye mapikipiki ya chapa nyingi. Plastiki ilikuwa moja. Lakini vyuma vya kuishikia vilitofautiana kufatana na pikipiki. Mnunuzi wa Honda hakupewa vyuma vya BMW akaambiwa apige nyundo mpaka viingie.

Hapo ndipo kazi ya fundi wa Baraka inapaswa kulipwa vizuri: kwenye kile chuma cha kushikia. Akikata kipande cha bati nene, akakikunja kulingana na fochi iliyo mbele yake, akaweka mpira kati ya buloni na plastiki ili mtetemeko wa injini usiipasue, uso ule utakaa. Akikosa subira, atachomelea chuma moja kwa moja kwenye shingo ya fremu, pale pale ambapo uzito wote wa mbele unapita. Chuma kilichochomwa vibaya kinadhoofika kando ya mchomo. Fremu ya namna hiyo haitakatika siku hiyo mbele ya fundi. Itangoja mashimo ya njia ya Lulimba na Misisi, ikiwa na abiria wawili na mfuko wa unga.

Halafu kuna taa. Watu wengi wanafikiri uso ni pambo, wakati kwenye pikipiki hizi uso mara nyingi ndio unaoishika taa. Ukibadilisha uso, umebadilisha mwelekeo wa mwangaza. Taa ikiinuka kidogo inamulika majani ya miembe na kumpofusha anayekuja mbele. Ikilala, dereva anaona tu gurudumu lake. Waya nazo zinakatwa, zinasokotwa kwa mkono, zinafungwa na kipande cha sachet. Mvua ya mwezi wa kumi na moja inaingia humo, na giza linakuja bila onyo.

Giza hilo si jambo dogo kwa wilaya ambako pikipiki ndiyo ambulansi ya vijiji vingi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hapandi pikipiki kwa sababu ya uso wake mzuri. Anapanda kwa sababu ni saa nane ya usiku na hospitali iko Baraka ao Nundu.

Na faida yenyewe ni ipi? Nguvu ya upepo inaongezeka mara nne mwendo ukiongezeka mara mbili. Kwa hiyo uso wa kukata upepo unasaidia sana anayekimbia kwenye lami. Kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Mboko na Baraka, ambako motari anatembea polepole akikwepa mashimo, upepo si adui wake mkubwa. Kioo kidogo kitamkinga na vumbi na matone ya mvua, ni kweli, na hilo lina thamani kwa mtu anayekaa barabarani siku nzima. Kwa kazi hiyo unatosha uso mdogo na mwepesi. Ule mkubwa unaoshuka mpaka kwenye silinda unazuia hewa inayopoza injini, na mlima wa kupanda Fizi unaijua kuipasha moto hata bila msaada huo.

Mashirika ya wamotari na polisi wa barabarani wanaweza kukagua jambo hili bila mashine yoyote. Usukani ugeuzwe mpaka mwisho pande zote injini ikiwa inawaka: isibadili sauti, na pasiguswe kitu. Kisha jioni pikipiki iwekwe mita tano mbele ya ukuta, dereva na abiria wakiwa wamekaa, na mwangaza ulinganishwe na wa pikipiki ya aina ile ile ambayo haijabadilishwa. Kazi ya dakika kumi. Gharama ya kurekebisha isibaki kwa kijana peke yake. Mwenye pikipiki ndiye anayepokea malipo ya kila wiki, na fremu ni yake.