Historia Yetu Isomwe Kupitia Ardhi

Aghalabu mwanafunzi wa Kenya anapoulizwa kuhusu historia ya nchi yake, huitaja miaka kana kwamba anahesabu nguzo za ua: 1895, 1920, 1952, 1963, 2010. Miaka hiyo ni sahihi. Lakini ni kitu gani kinachozishikanisha nguzo hizo? Hapo wengi hunyamaza.

Kosa si la mwanafunzi. Tumezoea kuzigawa enzi zetu kwa kufuata watawala: enzi ya mkoloni, kisha ya Rais huyu, kisha ya yule. Mgawanyo huo ni rahisi kukariri, bali hauelezi kwa nini jambo moja lilizaa jingine. Nawapendekezea walimu uzi mwingine, nao ni ardhi.

Uingereza iliitangaza nchi hii kuwa himaya yake mwaka 1895. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu 1901. Ili gharama yake irudi, serikali ilitaka walowezi walime mazao ya kusafirishwa. Sheria ya ardhi ya 1902 ikawafungulia mlango. Wamaasai wakahamishwa kwa mikataba ya 1904 na 1911. Huko Pwani, sheria ya 1908 ilidai umiliki uthibitishwe, na wengi walioishi hapo tangu jadi wakajikuta maskwota. Hatimaye, sheria ya 1915 ikamruhusu mlowezi kukodishwa ardhi kwa miaka 999.

Shamba bila vibarua halilimiki. Kwa hiyo kodi, na kipande kilichovaliwa shingoni, vikamsukuma Mwafrika kumtumikia mlowezi. Hapo ndipo tunapomwelewa Harry Thuku, na umati uliopigwa risasi Nairobi mwezi Machi 1922 ukidai aachiliwe. Hapo pia ndipo tunapoelewa kwa nini wapiganaji wa Mau Mau walidai ardhi na uhuru kwa pumzi moja, hata hali ya hatari ikatangazwa Oktoba 1952.

Uhuru wa 12 Desemba 1963 haukuukata uzi huo. Mpango wa ekari milioni moja, ulioanza 1962, uliwauzia Waafrika mashamba ya walowezi kwa mikopo. Tutafakari: ardhi iliyotwaliwa bure, wenyewe walitakiwa kuinunua. Wasio na uwezo wakabaki watazamaji. Mapigano ya kikabila ya 1992, na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, yaliwashwa na siasa, lakini kuni zake zilikuwa malalamiko ya ardhi. Ndipo Katiba ya 27 Agosti 2010 ikaitengea ardhi sura nzima, na kuamuru kwamba asiye raia asimiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Kutoka 999 hadi 99: ni tarakimu moja tu iliyofutwa, na ilichukua miaka 95 kuifuta.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Mwalimu, kila unapoandika mwaka ubaoni, uliza nani alipata nini na nani alinyang'anywa. Nawe mwanafunzi, waulize wazee wako shamba la nyumbani lilipatikanaje: lilirithiwa, lilinunuliwa, au liligawiwa? Huenda swali hilo lisitokee katika mtihani. Hata hivyo, asiyeliuliza atarithi ugomvi asioujua chanzo chake, na atakuwa mwepesi wa kuchochewa na mwanasiasa wa kwanza atakayemjia na jibu la uongo.