Ndege ya telekomande nyumbani

Juma hili tunazungumza juu ya mchezo ulioingia katika nyumba zetu. Kijana wa mwenzetu mmoja aliletewa ndege ndogo ya telekomande na mjomba wake aliye Ubelgiji. Aliunganisha batri katikati ya saloni ili awaonyeshe wadogo zake. Mkono wa sweta ukagusa kijiti cha mwendo, na elisi, ile panga inayozunguka mbele, ikakata kidole cha dada yake. Kilishonwa nyuzi tatu.

Basi tujue hivi. Nyumbani elisi inatolewa kwanza, ndipo mtoto ajaribu mabawa na mkia. Uwanjani kijiti cha mwendo kinashushwa mpaka chini, telekomande inawashwa, kisha ndege. Kuzima ni kinyume: ndege inatangulia. Inarushwa ikielekea upepo, mbali na watu, nyaya za umeme na uwanja wa ndege za kweli.

Kinachotuogopesha zaidi ni batri yake ya lithiamu. Ikitoboka au ikivimba inaweza kushika moto. Nasi tumezoea kuchaji umeme unaporudi usiku, tukiwa tumelala! Batri hii hapana. Ichajiwe juu ya tofali, mbali na godoro na pazia, mtu akiiangalia, kwa chaja yake yenyewe. Iliyovimba haichajiwi tena, wala haitupwi kwenye makaa.

Kijana anarusha Jumapili alasiri, kiwanja cha mpira kikiwa kitupu. Mwenye mtoto anayetaka kuona, aje naye.