Sakania: njia za miguu zipo, pori ndilo linaloondoka

Katika wilaya ya Sakania, kusini mwa jimbo la Haut-Katanga, mtu anaweza kutembea kwa miguu kuanzia asubuhi hadi jua kuzama bila kukosa njia. Vijia hivyo vinapita katikati ya miti ya miombo, vinazunguka vichuguu vikubwa kama nyumba, vinashuka kwenye mabonde yenye majani marefu na kupanda tena vilima vya upande wa pili. Hakuna mradi wala serikali iliyovitengeneza. Vimekanyagwa na wakaaji wenyewe, miaka kwa miaka, wakienda shambani, wakienda kutembelea ndugu, wakienda kutafuta asali, viwavi vya kula na uyoga.

Njia za namna hii zinalipiwa pesa na wageni katika nchi jirani. Kwa hiyo si ajabu kuuliza kama Sakania nayo ingeweza kuishi, hata kwa kiasi kidogo, kutokana na watalii wanaopenda kutembea. Lakini kuna swali linalotangulia hilo: ardhi ambayo njia inapita ni ya nani, na pori litakuwapo hadi lini? Mtalii hatoki mbali kuja kutembea katikati ya visiki.

Mgongo unaogawa maji

Kwa umbo la nchi, Sakania haina upungufu. Kutoka upande wa Kipushi, kupitia Kasumbalesa hadi karibu na mji wa Sakania, mpaka wa Kongo na Zambia unafuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua ikinyesha kaskazini mwa mgongo huo, maji yanakwenda mto Luapula na mwishowe mto Kongo, hadi bahari ya Atlantiki. Ikinyesha kusini, yanaingia mto Kafue, kisha Zambezi, hadi bahari ya Hindi. Mpaka huu ulikubaliwa mwaka 1894 kati ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo ya mfalme Leopold II, na uliacha Walamba, Walala na Waushi pande zote mbili. Ndiyo maana njia nyingi za miguu za Sakania hazijui mpaka: zinaunganisha ukoo mmoja uliogawanywa na mkataba.

Reli iliyotoka kusini ilifika Sakania mwishoni mwa mwaka 1909, kabla ya kufika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Tangu hapo, Sakania imejulikana kama mahali pa kupitia: treni kwanza, kisha malori ya shaba. Barabara inayokata ardhi ya Kongo kutoka Mokambo hadi mto Luapula inatumiwa sana na Wazambia wanaotoka Copperbelt kwenda jimbo lao la Luapula, hasa tangu daraja la Chembe lilipofunguliwa mwaka 2008. Wageni wanapita kila siku, lakini pesa zao hazishuki garini.

Utegemezi huo wa malori una hatari yake. Mwezi wa nane mwaka 2024, Zambia ilifunga kwa muda mipaka ya Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa sababu ya mzozo wa biashara. Siku hizo chache zilitosha kuonyesha jinsi wilaya inavyokosa pumzi malori yakisimama.

Majirani walivyofanya

Wakaaji wa Goma na Bukavu wana mfano mbele ya macho yao, ng'ambo ya ziwa Kivu. Rwanda ilichukua njia za vijiji, ikaziunganisha kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikaweka alama na kuiita njia ya Congo Nile. Ina urefu wa kilomita 227, na jina lake linatokana na mgongo unaogawa maji ya Kongo na yale ya Nile. Mtembeaji analala vijijini, anakula huko, anamlipa anayemwongoza. Sakania ina mgongo wa aina hiyo hiyo, wa Kongo na Zambezi, lakini hauna hata kibao kimoja.

Huko Lushoto, katika milima ya Usambara nchini Tanzania, vijana wa vijiji wamekuwa wakiongoza wageni kwa miguu tangu miaka ya 1990, na sehemu ya malipo huenda kwenye kazi za maendeleo za kijiji. Kwa Kongo yenyewe, kupanda Nyiragongo kulikuwa kunawapa kazi waongozaji na wabebaji mizigo, mpaka volkano ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021 na vita vikaja juu yake. Haut-Katanga iko mbali na vita hivyo. Ina maporomoko ya Lofoi, yenye kimo cha zaidi ya mita 300, ndani ya hifadhi ya Kundelungu iliyoundwa mwaka 1970. Hata hivyo, ni wakaaji wachache wa Lubumbashi waliowahi kuyaona.

Methali inasema mgeni aje, mwenyeji apone. Katika mifano hiyo yote, mwenyeji alipona kwa sababu bado alikuwa na kitu cha kumwonyesha mgeni.

Pori linakwenda wapi

Katika Sakania, kitu hicho kinapungua kwa njia tatu.

Ya kwanza ni makala. Jamaa nyingi za Lubumbashi zinapika kwa makala kwa sababu umeme hautoshi au unakatika. Miti iliyo karibu na mji ilikwisha zamani, na wachoma makala wanasonga mbali zaidi kila mwaka. Kijia kilichokuwa cha mtu mmoja kinapanuka kuwa njia ya baiskeli, au kinga kama wanavyosema Lubumbashi, zilizopakiwa mifuko hadi juu ya kichwa cha mwendeshaji. Ni vigumu kumlaumu: mfuko wa makala unalipa masomo ya mtoto, na pori lililosimama halimlipi kitu.

Ya pili ni mukula, mti mwekundu uliotafutwa sana na wanunuzi wa China katika miaka ya 2010. Mwaka 2019 nchi zilizotia sahihi mkataba wa CITES ziliuingiza mti huo kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji kibali. Hatua hiyo ilikuja baada ya mapori mengi ya Haut-Katanga na ya Zambia kupoteza magogo yao makubwa.

Ya tatu ni madini. Mgodi wa Frontier, karibu na mji wa Sakania, ulianza kutoa shaba mwaka 2007, na mashimo mengine yamefuata. Shamba la muhogo linaweza kuhesabiwa na kulipwa fidia. Njia ya kwenda kuokota uyoga ni vigumu kuihesabu, na ikifungwa na uzio, mama wa kijiji anazunguka saa nzima bila mtu kumuuliza.

Karatasi inayoanza kwa kutembea

Hata hivyo sheria si tupu. Amri namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii ya kijiji kuomba msitu wake wa asili uwe msitu wa jamii, hadi hektari 50.000, bila kulipa na bila kikomo cha muda. Ombi linapita kwa mtawala wa wilaya na linahitaji saini ya gavana wa jimbo. Ndani ya msitu huo, jamii inaweza kupanga wapi pakatwe, wapi pachomwe makala, wapi pafugwe nyuki, na wapi mgeni apite.

Ombi hilo linadai ramani iliyochorwa na wakaaji wenyewe. Na ramani hiyo haichorwi ofisini. Wazee, wanawake, wawindaji na vijana wanapaswa kutembea mipaka yao, wakitaja kila kijito, kila kaburi, kila mahali pa uyoga. Kwa maneno mengine, njia za miguu ndizo ushahidi. Kijiji kinachoweka alama kwenye njia zake kinatengeneza kwa mkupuo mmoja mwanzo wa utalii na mwanzo wa haki.

Haitatosha peke yake. Msitu wa jamii hauzuii kibali cha madini, kwa sababu chini ya ardhi ni mali ya serikali. Lakini unawapa wakaaji karatasi ya kukaa nayo mezani. Vilevile sheria ya madini ya mwaka 2018 inagawia maeneo ya utawala ya chini asilimia 15 ya ada za uchimbaji, na inadai kampuni itoe asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii. Sehemu ndogo ya pesa hizo ingetosha kuweka vibao, visima na vibanda vya kulala kwenye njia za vijiji vichache.

Kuna hatari pia. Njia iliyosafishwa kwa ajili ya mtalii inamrahisishia mkata miti, kwa hiyo ulinzi wa kijiji lazima utangulie kibao. Mgeni anayesimamishwa na kuulizwa karatasi katika kila kizuizi karibu na mpaka hatarudi mara ya pili. Na pesa zikiishia kwa chifu au kwa wakala wa mjini, kijana aliyeacha shoka atalichukua tena.

Hakuna anayepaswa kuota maelfu ya watalii. Wa kwanza wangeweza kuwa watu wa Lubumbashi wenyewe: wanafunzi, familia, vikundi vya parokia, katika miezi ya baridi kuanzia Mei hadi Agosti, kabla ya moto mkali wa mwisho wa kiangazi. Watamlipa kijana wa kijiji awaongoze, watamlipa mama chakula, watanunua asali. Ni pesa kidogo, lakini zinakuja tena mwaka unaofuata ikiwa miti bado imesimama. Mfuko wa makala hauuzwi mara mbili.