Bamba jipya la eksirei: bei nafuu isifiche risasi

Mkulima anayekohoa wiki tatu mfululizo, au aliyeanguka kutoka kwenye lori la mazao, hulipa mara mbili anapohitaji eksirei. Hulipia picha, kisha hulipia nauli ya kuifuata mjini na siku za kazi zinazopotea shambani. Katika mashine za kisasa, moja ya sehemu za gharama kubwa ni bamba linalopokea mionzi na kuigeuza kuwa picha. Ndiyo maana utafiti wa perovskaiti unamhusu, ingawa unafanyika mbali na shamba lake.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1839 kwa jiwe lililopatikana katika milima ya Ural, Urusi. Perovskaiti zinazotengenezwa maabara kwa ajili ya eksirei zinafanana na jiwe hilo kwa mpangilio wa atomi tu. Ndani yake mna risasi na iodini, pamoja na kemikali zenye kaboni. Risasi ni nzito, na ndiyo hiyo hiyo inayowekwa kwenye aproni ya mpiga picha za eksirei. Silikoni ya kwenye sola ni nyepesi, mionzi mingi huipita tu. Perovskaiti huinasa na kuigeuza moja kwa moja kuwa umeme. Tena utando wake hutengenezwa kwa kumimina kimiminika na kukikausha, bila tanuri la moto mkali, na hapo ndipo penye matumaini ya bei kushuka.

Ubaya ni kwamba fuwele za kawaida za perovskaiti huharibiwa na unyevu, na zikiwekewa umeme chembe zake huhamahama, picha ikachafuka. Wabunifu wakaamua kuzipanga kwa matabaka: kati ya tabaka na tabaka huingizwa molekuli ndefu za kaboni zisizopenda maji. Aliyewahi kutandika turubai kati ya magunia ghalani ataelewa. Turubai huzuia unyevu, lakini pia huziba njia. Umeme nao hauvuki molekuli hizo kirahisi, kwa hiyo matabaka hulazimika kusimama wima ili umeme upite katikati yake. Mwaka 2020 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walionyesha utando wa aina hii ukifanya kazi hata bila kuwekewa volti kutoka nje. Seleniamu, inayotumika katika baadhi ya mashine za kupima saratani ya matiti, huhitaji maelfu ya volti.

Yote hayo ni mazuri. Hata hivyo, kufaulu maabara si sawa na kudumu miaka 10 Tanga au Lindi, kwenye joto na unyevu wa pwani. Muuzaji atakayeleta bamba hili aonyeshe vipimo vya hali hiyo, si vya chumba chenye kiyoyozi Ulaya.

Kisha kuna risasi. Kwa kweli bamba moja lina risasi kidogo sana kuliko betri ya gari, lakini iliyomo kwenye perovskaiti huyeyuka kwa urahisi zaidi bamba likivunjika na kunyeshewa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania tayari hutoa leseni za mashine za mionzi. Kwa kushirikiana na NEMC, inapaswa kudai kabla ya ununuzi wowote kwamba mkataba utaje nani atalichukua bamba likichakaa, na kwa gharama ya nani. Hospitali ya wilaya isiachiwe kazi ya kutafuta shimo la kulifukia jirani na kisima.