Chombo Bila Daftari

Si ajabu kukuta, katika ghala la chuo cha ufundi au nyuma ya duka la fundi redio, chombo kizito cha kupimia umeme kimefunikwa na vumbi, kikingoja siku ya kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu; na aghalabu aliyekikatia hukumu hiyo hajapata hata kukifungua kifuniko. Hukumu hiyo haina insafu, kwani ndani yake mna darasa ambalo mlango wake umefungwa katika vyombo vingi vya leo.

Tutazame oskiloskopu za valvu za Tektronix, kampuni iliyoasisiwa mwaka 1946 katika mji wa Portland, Marekani. Oskiloskopu huchora umbo la umeme juu ya kioo, jicho likaona mapigo ambayo sikio haliwezi kuyasikia. Katika vyombo vile vipuri vililehemiwa juu ya vipande vya kauri vyenye mapengo yaliyopakwa fedha. Na kwa kuwa lehemu ya kawaida huila fedha hiyo taratibu hata ikabanduka, watengenezaji waliweka ndani ya chombo kikunjo kidogo cha lehemu iliyotiwa fedha, kwa ajili ya fundi wasiyemjua, ambaye pengine angekifungua baada ya miaka mingi. Kitabu chake kadhalika kilibeba mchoro kamili wa saketi, pamoja na volti na maumbo ya mawimbi yanayopasa kuonekana hatua kwa hatua.

Mwenye kitabu hicho hategemei bahati. Kwanza hushika hadhari, maana kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kisha huanza penye ugavi wa umeme, kwani volti za msingi zikiharibika, kila kipimo kifuatacho husema uongo. Huzichungua kapasita za elektroliti, ambazo utomvu wake hukauka kwa umri, na rezista za kaboni, ambazo ukinzani wake hupanda pole pole, na swichi ambazo ncha zake zimeshika uchafu. Kijana aliyeipita njia hii mara moja amejifunza kuifuata dalili hata aifikie sababu, na maarifa hayo atakwenda nayo kwenye pampu ya maji ya kijiji na kwenye mashine ya hospitali.

Sikatai kwamba vyombo vipya ni vyepesi, na vingi vyao hupima mengi zaidi kwa bei nafuu. Walakini vingi huja bila mchoro, na siku vinapozimika, fundi hodari na mtu asiyejua kitu huwa sawasawa mbele yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na chombo bila mchoro ni mali ya namna hiyo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo wasiuze chombo kikuukuu kabla ya mwanafunzi kupewa kitabu chake, na mwalimu wa kumsimamia, akajaribu kukifufua. Na wanunuzi wanaotumia fedha ya umma waandike katika mkataba kwamba mchoro wa saketi ni sehemu ya bidhaa. Muuzaji akikataa kuutoa, na aulizwe anamwachia nani kazi ya kukitengeneza chombo.